Kamera haiitikii

Dada mmoja ambaye nimefundisha naye kwa muda mrefu alikaa mbele ya kamera kurekodi kozi yake, akasema "habari zenu, karibuni kwenye somo la kwanza," akanyamaza. Akaanza upya. Akanyamaza tena palepale, kwenye neno lilelile.

Huyu ni mwalimu ambaye akiwa darasani watu wanasahau kuangalia saa. Anafundisha kutunza hesabu za biashara, somo ambalo wengi wanaliona kavu, na mikononi mwake linakuwa la kugombania viti vya mbele. Sasa siku hiyo mgongo umenyooka, mikono ameificha chini ya meza, anaongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ile sauti ya kusoma tangazo.

Mi nilikuwa nyuma ya kamera nimeinama. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kipimo cha sauti kisipande kwenye nyekundu, kwaiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye ile mistari inayopanda na kushuka. Mara waya wa maiki ukalegea, nikauchomeka vizuri, na nilipoinuka sikurudi kuinama, nikabaki namwangalia tu. Alikuwa amefika kwenye mfano wa mteja aliyechukua mzigo kwa mkopo. Nikatikisa kichwa maana nilikuwa nimemwelewa. Nikaguna "eeh".

Akabadilika.

Mikono ikatoka chini ya meza. Akasema "sasa angalia, hapa ndo watu wengi wanapotea," akaegemea mbele, akaanza kuchora hewani, na akaenda hadi mwisho wa somo bila kukatika. Pale aliposema faida siyo ile hela iliyopo kwenye droo mi nilikunja uso kidogo, akaniona, akarudi nyuma akatoa mfano wa pili ambao haukuwepo kabisa kwenye karatasi yake, na huo mfano wa pili ndo sehemu bora ya video nzima.

Taa ileile, kamera ileile, maneno yaleyale kwenye karatasi. Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa na limekataa kutoka. Kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kuhusu woga wa kurekodi kozi unamhusu anayeongea peke yake: apumue, ajiamini, afanye mazoezi mbele ya kioo. Na kilichombadilisha dada yangu huyu kilitokea upande wa pili wa lenzi.

## Mwili uko kazini

Nianze na mwili kwanza, maana wengi tunaanzia kuulaumu.

Ukibonyeza kile kitufe chekundu, ubongo unachukulia kwamba kuna jambo zito linakuja. Adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza mwendo, pumzi inahama kutoka tumboni inapanda kifuani, mate yanakauka. Misuli ya koo inakaza, na kwa kuwa pumzi nayo imekuwa fupi, sauti inakosa hewa ya kuibeba, ndo maana inapanda juu na kutetemeka mwishoni mwa sentensi. Hakuna hapo hata kitu kimoja kinachosema kwamba hulijui somo lako. Ni mwili unaofanya kile unachokijua tangu zamani, kukuandaa.

Watu watakwambia tulia. Mi neno hili nimeacha kumwambia mtu aliyekaa mbele ya kamera, na sababu yake ni utafiti wa Alison Wood Brooks wa chuo cha biashara cha Harvard, uliochapishwa 2014. Aliwapa watu kazi za kutia woga, kuimba karaoke, kutoa hotuba, kufanya hesabu kwa haraka, akalinganisha waliojiambia kwamba wana hamu na wale walioambiwa wajitulize. Wenye hamu walifanya vizuri zaidi. Ukifikiria unaona mantiki yake, moyo ulioenda mbio ni uleule kwa mwenye hofu na kwa mwenye shauku, kwaiyo kuhama kutoka woga kwenda hamu ni safari fupi, ila kuutoa mwili kwenye mwendo huo mpaka kwenye utulivu kamili ndani ya dakika moja ni kuudai kitu ambacho hauwezi kukupa.

Pumzi nayo inasaidia, hasa ukiitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta. Kunywa maji. Simama kama kukaa kunakukunja kifua. Haya yote nayafanya na yanafanya kazi.

Lakini yanakufikisha kwenye sentensi ya kwanza tu. Dada yangu alikuwa ameshapumua, ameshakunywa maji, na sentensi ya kwanza aliisema vizuri kabisa. Kilichomkatisha ni kimya kilichofuata baada ya ile sentensi.

## Upo?

Fikiria unaongea na mtu kwenye simu, unamweleza jambo refu, na upande wa pili husikii "mh", wala "eeh", wala "ehee halafu?" Sekunde chache tu unasimama mwenyewe. Halo? Upo? Hujaogopa, huna aibu, huyo ni mtu wako wa karibu labda, ila huwezi kuendelea. Maneno yanakataa kutoka mpaka uhakikishe kuna anayepokea.

Kumbe hiki kitu wataalamu wa lugha wamekiangalia miaka mingi. Victor Yngve mwaka 1970 alizungumzia vile vijisauti vya msikilizaji, "mh" na "eeh" na kutikisa kichwa, kwamba ni njia ya pili ya mazungumzo inayorudi kwa msemaji wakati zamu bado ni yake. Yaani msikilizaji anaongea muda wote, kwa udogo tu.

Ila utafiti ulionishika ni wa Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Kanada, wa mwaka 2000. Waliwakalisha watu wawili wawili wasiofahamiana, mmoja amsimulie mwenzake tukio ambalo karibu limletee balaa. Baadhi ya wasikilizaji wakapewa kazi ya siri, wafuatilie maneno yanayoanza na herufi t. Wanamwangalia msimuliaji, wamekaa vizuri, lakini akili iko kwenye herufi. Na wasimuliaji wao, bila kuambiwa chochote, wakasimulia vibaya. Hasa mwisho wa hadithi, pale panapotakiwa kuwa patamu, ndo walipovurugika, wakawa wanarudia rudia, wanajieleza, wanaumalizia mwisho ukiwa umepooza.

Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Maana ile herufi t ni kile kipimo cha sauti nilichokuwa nimekiinamia. Msikilizaji yupo chumbani lakini hasikilizi, na msemaji anajua, anajua kwa mwili kabla hata ya kujua kwa akili. Sasa kama mtu aliyekengeuka tu anaweza kumharibia msimuliaji hadithi ya maisha yake mwenyewe, hadithi ambayo hawezi kuisahau, basi kipande cha kioo kisichogeuka, kisichoguna, kisichokunja uso, tunategemea kimfanye nini mwalimu?

Tena sisi wa lugha hii tunalijua jambo hili kuliko tunavyolisema. Mtambaji akisema paukwa haanzi mpaka asikie pakawa. Anayeitikia anaifungulia hadithi mlango.

Kwaiyo msimamo wangu sasa ni huu, na nauamini: sehemu kubwa ya kile tunachokiita woga wa kamera ni upweke. Mwalimu anaogopa kidogo, ndiyo, kila mtu anaogopa kidogo, ila kinachomvunja ni kuongea kwenye kimya ambacho hakimpi dalili yoyote kama ameeleweka. Akikosa dalili anaijaza mwenyewe, na mtu mwenye moyo unaoenda mbio akijijazia dalili hajazi nzuri. Anajaza "nimechosha", "nimekosea", "wananicheka".

## Yule msikilizaji wa kufikirika

Najua kuna ushauri unaokaribiana na huu: mfikirie mtu mmoja, ongea naye. Umeenea sana na hauna ubaya. Mi nina shaka nao ila, na hii shaka ndo imenichukua muda mrefu kuliko kitu kingine kwenye makala hii.

Mtu wa kufikirika haulizi. Anaitikia unachotaka aitikie, na ukiwa na wasiwasi atafanana na wasiwasi wako, atakaa pale amenuna, mikono amekunja. Nimejaribu kubandika picha karibu na lenzi. Nimejaribu kuchora macho. Inasaidia macho yasitangetange, basi. Sauti inabaki ileile ya tangazo.

Angalia lakini jinsi Salman Khan alivyoanza, huyu wa Khan Academy, ile tovuti ya masomo. Mwaka 2004 alianza kumfundisha binamu yake hesabu, yeye yuko Boston, binamu yuko New Orleans, simu masikioni na ubao wa kuchorea kwenye kompyuta. Ndugu wengine wakajiunga, ratiba zikagongana, na mwaka 2006 ndo akaanza kuweka video YouTube. Mpaka anaanza kurekodi peke yake alikuwa ameshakaa muda wote huo na mwanafunzi halisi upande wa pili, anajua panapokwama, anajua swali gani linakuja baada ya mstari upi. Hakuhitaji kumbuni msikilizaji. Alikuwa anamkumbuka. Na uso wake hauonekani kwenye zile video, ni sauti na maandishi yanayotokea kwenye ubao mweusi, na watu wamejifunza hesabu kwa miaka.

Kumkumbuka mtu na kumbuni mtu ni vitu viwili. Ukimkumbuka mtu anakuja na maswali yake, hata yale usiyoyapenda.

Hapo ndo tukabadilisha namna ya kufanya kazi na yule dada. Nilimwambia, dada, kabla ya kurekodi somo lolote, lifundishe kwanza kwa mtu mmoja ambaye halijui, hata kwa simu, afu muombe akutumie maswali yake kwa vois, siyo kwa maandishi. Akaniuliza kwa nini vois. Nikamwambia utaelewa.

Sasa anafanya hivi: anawasha kamera, anaweka simu karibu, anabonyeza ile vois, inasikika sauti ya mtu inasema "samahani Mwalimu, mi hapo kwenye mkopo sijaelewa, kama hela sijaipata naandikaje kwamba nimeuza?" na yeye anainua uso anajibu. Anaanza na "swali zuri, tena usione aibu kuuliza". Vois inakatwa wakati wa kuediti, au inaachwa, maana zingine zinapendeza kuachwa. Aliniambia, mdogo wangu, nikishasikia mtu amekwama sikumbuki tena kama nina uso.

Hiyo sentensi yake naithamini sana. Sote tunaofundisha tunajua kile kitu kinachoamka ndani ukiona mtu amekwama, na kikishaamka hakina nafasi ya kujiangalia.

Na kama unaye mtu anayeweza kukaa nyuma ya kamera, mkalishe. Asiwe fundi wa mitambo kwa wakati huo, mitambo ijisimamie. Awe anasikiliza kwelikweli, aruhusiwe kukunja uso. Nashauri asiwe mtaalamu wa somo, mtaalamu anatikisa kichwa kabla hujamaliza na utaruka hatua.

## Siku ya kujiangalia

Kuna woga wa pili, na huu unakuja baada ya kurekodi. Unakaa na laptopu yako, unabonyeza, unajiona.

Wengi wanaishia hapa. Kozi nyingi ninazozifahamu zilizokufa hazikufa kwenye kurekodi, zilikufa kwenye kujiangalia, mtu ana masomo kadhaa kwenye folda na hajawahi kuyafungua tena.

Sauti kwanza. Ukiongea unajisikia kwa njia mbili, hewani kupitia masikio, na kupitia mifupa ya kichwa chako, na mifupa inabeba zaidi mitetemo mizito ya chini. Maiki haina mifupa yako. Inakupa ile ya hewani peke yake, nyembamba kuliko uliyoizoea maisha yako yote. Wengine wote hawajawahi kusikia sauti yako nyingine zaidi ya hiyo. Wanayoipenda kwako ni hiyo.

Uso nao hivyohivyo. Mwaka 1977 Theodore Mita na wenzake walichukua picha za wanafunzi wa kike wakazichapa mara mbili, moja kama ilivyo na nyingine imegeuzwa kama kwenye kioo. Wenye sura walipendelea zaidi ile ya kioo, marafiki zao wakapendelea ile halisi. Kila mmoja alipenda aliyoizoea. Simu nyingi ukijirekodi kwa kamera ya mbele zinakuonyesha kioo wakati unarekodi, afu ukija kuangalia video sura imegeuka, mwanya wa nywele umehamia upande wa pili, na unahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini.

Haya yanaeleza ugeni. Hayaelezi ule uchungu wa kuona "kila mtu ataona nilivyotetemeka". Kwa huo kuna kitu kingine, na natamani kila anayeanza kurekodi angeambiwa mapema.

Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich mwaka 2003 walichapisha utafiti juu ya watu wanaotoa hotuba. Ni kwamba tunadhani hisia zetu zinaonekana nje kuliko zinavyoonekana kweli, moyo unavyogonga ndani tunaona kama watazamaji wanausikia. Kundi moja likaelezwa jambo hili kabla ya kuhutubia. Hilo kundi likahutubia vizuri zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na kwa tathmini ya waliokuwa wanawaangalia. Kujua tu kwamba haionekani sana kuliwapunguzia mzigo.

Kuna namna ya kujithibitishia hili mwenyewe, imetoka kwa wanasaikolojia wanaosaidia watu wenye hofu kubwa ya kuwa mbele za watu. Allison Harvey, David Clark na wenzao waliijaribu, ikachapishwa mwaka 2000. Kabla hujaangalia video yako, andika kwa undani unachotegemea kuona. Siyo "nitakuwa vibaya", hapana, andika mikono itatetemeka kiasi gani, nitasema "aaa" mara ngapi, nitanyamaza kwa muda gani. Funga macho uione hiyo video kichwani. Afu sasa bonyeza, na uangalie kama unamwangalia mtu usiyemjua. Waliojiandaa hivyo walijiona vizuri zaidi kuliko walioangalia tu bila maandalizi.

Yule dada aliandika kwamba mikono yake itatetemeka video nzima. Tukaangalia pamoja. Kwenye ile sehemu ya mwanzo, ya kabla hajabadilika, mikono haipo hata kwenye fremu. Alikuwa ameificha chini ya meza. Alinyamaza, akarudisha nyuma akaangalia tena, akasema basi nilikuwa nateseka na kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Na kile kimya chake cha kwanza, pale alipokatika baada ya "somo la kwanza", alikumbuka kama dakika nzima. Kwenye video ni sekunde chache.

## Karatasi inayokusoma

Niseme kidogo kuhusu skripti, maana mwenye woga anakimbilia huko.

Skripti nzima, neno kwa neno, inaleta usalama kabla ya kurekodi na inauchukua wakati wa kurekodi. Unakuwa na njia elfu za kukosea, kila neno lililoruka ni kosa, na macho yanakimbia kwenye mistari. Halafu lugha ya kuandika tunaifanya nzito, "katika somo hili tutajifunza namna ambavyo", hakuna mtu anaongea hivyo na mtu anayemjali. Roxana Moreno na Richard Mayer walionyesha mwaka 2000 kwamba maelezo yaleyale, yakisemwa kwa mtindo wa mazungumzo, "wewe" na "mimi", yanamfanya mwanafunzi aweze kuyatumia vizuri zaidi kwenye tatizo jipya kuliko yakisemwa kwa ule mtindo rasmi usio na mtu ndani yake. Ule ukaribu unaoutoa ukiwa umesahau kamera ni sehemu ya kufundisha kwenyewe.

Andika vichwa vichache na mifano na namba ambazo hutaki kuzikosea. Sentensi ya kwanza na ya mwisho unaweza kuziandika zote, huko ndo watu wanapoteleza.

Na fupisha. Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi waliangalia video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakachapisha mwaka 2014, na ilionekana hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati ambao watu walikaa nayo haukuzidi dakika 6. Kwenye kazi hiyohiyo kuna jambo linalopaswa kumpa moyo mtu anayerekodi chumbani kwake: video zenye hali ya ukaribu ziliweza kushika watu kuliko za studio za gharama. Walisema pia wanaoongea haraka na kwa bashasha walishika watu zaidi, na hapa mi nasita. Kozi zile zilikuwa za sayansi na hesabu za chuo, na bashasha naikubali, lakini haraka sitamshauri mtu mwenye woga, woga wenyewe tayari unaharakisha ulimi. Mwanafunzi akitaka haraka kuna kitufe cha kuongeza kasi, aongeze mwenyewe.

Dakika sita zina faida nyingine isiyosemwa sana. Woga unakuwa na mwisho unaouona. Kukaa mbele ya kamera kwa saa nzima ni jambo la kuogopesha kwelikweli, ila dakika sita unajibu swali moja la mtu mmoja, unasimama, unanyoosha miguu.

Ukikosea katikati usizime. Nyamaza, vuta pumzi, rudia sentensi nzima kuanzia mwanzo wake, endelea. Piga kofi kama unataka kupaona kwa urahisi wakati wa kuediti, lile kofi linatokea kama mlima kwenye mchoro wa sauti. Kinachoua watu ni kuanza upya kutoka "habari zenu" kila wanapoteleza, kwa sababu hiyo sentensi inakuwa ndo iliyosemwa mara nyingi kuliko zote na ndo inayotisha kuliko zote, inabeba kumbukumbu ya kila mara uliyokatika.

Kwaiyo usianze na utangulizi. Rekodi kwanza somo la katikati, lile ambalo ukiamshwa usingizini unalifundisha. Utangulizi uwe wa mwisho kabisa, ukiwa umeshaijua kozi yako na umeshawazoea wanafunzi wako wa vois. Yule dada alirekodi utangulizi wake baada ya masomo yote, akausema kwa mara moja.

## Woga wa kubaki nao

Kuna watu watasoma haya yote, watafanya yote, na bado uso kwenye kamera utakuwa mzigo usiobebeka. Kama ni wewe, toa uso. Slaidi na sauti, au mikono tu na karatasi, au skrini ya kompyuta. Hujadanganya mtu, hujakwepa. Na kama hofu inakuzuia hata mbali na kamera, kwenye kazi, kwenye kuongea na watu wa kawaida, hapo tafuta mtaalamu wa saikolojia, kuna tiba zinazofanya kazi na hukupaswa kubeba peke yako.

Ila kuna woga mmoja sitaki uondoke, wala sitamsaidia mtu kuuondoa.

Ni ule wa kumfundisha mtu kitu kisicho sahihi. Darasani ukisema jambo la uongo kwa bahati mbaya kuna mtu atanyoosha mkono, au utaiona sura imekunjwa, au wewe mwenyewe kesho utarudi useme jana sikusema vizuri. Video hairudi kesho. Itakaa pale inasema jambo lilelile kwa mtu anayeangalia peke yake, aliyeamua kukuamini, na hana wa kumuuliza. Ukisikia tumbo linakaza kwa sababu hiyo, lisikilize, lina haki.

Woga wa kuonekana na woga wa kupotosha vinafanana mwilini, moyo uleule, mate yaleyale yaliyokauka, na kwa muda mrefu nadhani tumekuwa tukivitibu kwa dawa moja. Wa kwanza unahitaji mtu wa kukuitikia. Wa pili unahitaji ukae na vitabu, ukague namba zako, umpe mtu anayelijua somo kuliko wewe aangalie kabla haijatoka. Mwalimu akiniambia anaogopa siku hizi namuuliza kwanza, unaogopa wakuone au unaogopa wakuamini? Wengi wanachukua muda kujibu.

Dada yangu alijibu palepale. Kuna somo moja kwenye kozi yake, la kuhesabu uchakavu wa vifaa, ambalo limesharekodiwa, limeshaeditiwa, na amelizuia lisitoke mpaka mhasibu mmoja anayemwamini alipitie mstari kwa mstari. Nimeliangalia. Anaongea vizuri, ametulia, mikono iko juu ya meza. Bado hajaliachia, na mi sijamhimiza.